Delta ya Sauti Nne

Mtu akikuambia hisabati haina wimbo, mwambie akamwulize Emérence Nabintu, mwalimu wa sekondari kule Ibanda na kiongozi wa kwaya ya parokia yake. Mama huyu mfupi ana imani moja: mtoto husahau kila kitu isipokuwa alichokiimba. Basi alipoona darasa lake la nne, quatrième, linaitazama delta kama mbuzi anavyoitazama mvua, aliweka chaki chini, akaitungia kanuni ile wimbo.

Delta, kwa aliyeisahau, ni bé carré moins quatre a-cé, Kifaransa cha shuleni cha b mraba kutoa nne a-c. Ndiyo inayotoboa siri kama mlinganyo una majibu au hauna. Emérence aliifundisha kama kwaya inavyofundishwa. Soprano waliimba bé carré, alto na tenor wakaingia na moins quatre, besi wakafunga na a-cé. Ikatoka tamu, hata mama anayeuza mandazi getini akaitikia.

Mkuu wa shule, préfet Gérard, ambaye ofisi yake imepakana na darasa hilo, hakuuonja utamu huo.

"Madame, huku ni shule, haiko répétition ya kwaya ya Pasaka," alimwambia. "Interro ya vendredi ikienda mubaya, quatrième nitaipatia mwalimu mwingine."

Emérence alilipenda darasa lile kuliko yote. Aliitikia tu, akarudi darasani.

Ijumaa, kwenye jaribio hilo la delta, mambo yakaharibika. Soprano walikuwa wameandika bé carré, wakaweka kalamu chini. Alto na tenor waliandika moins quatre, basi. Destin, kijana mrefu mwenye sauti ya ngoma, aliandika a-cé kwa mwandiko safi, akaipigia na mstari. Emérence akamwita.

"Destin, na ile ingine iko wapi?"

"Mi niko basse, Madame," alijibu, akimshangaa mwalimu wake. "Bé carré ni ya ba soprano."

Emérence alicheka mpaka machozi, kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Kwaya haimdai mtu sauti ya jirani, lakini mtihani unadai zote. Akaenda kwa préfet kuomba nafasi nyingine, bila kujitetea. Gérard akakubali shingo upande.

"Vendredi ingine nakuya mi mwenyewe."

Wiki hiyo ilikuwa fujo tupu. Emérence aliipindua kwaya: besi wapande soprano, soprano washuke besi. Wavulana walikwaruza koo, wasichana wakanguruma, na aliyekosea aliimba sauti zote peke yake huku akiandika ubaoni.

Ijumaa Gérard aliandika mlinganyo ubaoni, akachagua kwa makusudi besi mwenye sauti nene kuliko wote.

"Destin, kuya hapa."

Destin alisimama ubaoni na chaki. Kisha kutoka kifua kile kipana kikapenya kisauti chembamba chenye aibu: bé carré. Hakuna aliyethubutu kucheka. Akaandika. Akashuka kwa tenor, akaandika, akatua kwenye besi yake kama mtu aliyefika kwao. Delta ikapatikana, majibu yakafuata, yote sahihi.

Préfet aliyakagua kwa muda, akitafuta kosa.

"Quatrième ibakie yako, Madame," alisema mwishowe. "Lakini mufungake madirisha."

"Ndiyo, Papa Préfet."

Furaha ilimjaa hata akaogopa kuongeza neno. Alingoja viatu vya préfet viishilie ofisini, akafunga dirisha moja tu, akainua mkono, na darasa zima likavuta pumzi.