Dole Gumba la Mama Mkasi

Ukitaka kumwona Mama Mkasi akipandwa na mori, mwambie kwamba picha za Mwezi zilipigwa na mashine. "Mashine!" atakujibu. "Mashine ilituletea matambara tu. Walioshona ni sisi."

Na hasemi uongo. Enzi za usichana wake kulikuwa na chombo kilichokuwa kikiuzunguka Mwezi na kurusha picha zake duniani, lakini zilifika vipande vipande, vyembamba kama mikanda ya suruali. Katika maabara ya picha, yeye na wasichana wenzake walisimama mezani kutwa nzima wakikata, wakipaka gundi, wakiunganisha shimo na nusu yake, mlima na kivuli chake. Mkasi haukumtoka mkononi, ndipo jina likamganda. Dawa za picha nazo zikamla vidole hadi vikawa laini kama mgongo wa kijiko. Leo akienda kuandikishwa kitambulisho, mashine inakataa kusoma alama zake, na karani anamkodolea macho kana kwamba ameziacha nyumbani makusudi.

Siku moja, kabla vidole havijalika, alikandamiza kipande kwa dole gumba lenye wino wa kufichia madoa ya picha. Alama ikabaki pembeni mwa shimo kubwa. Bosi alimfokea mbele ya wenzake, akamwita mzembe. Lakini picha ilikuwa ikisubiriwa, ikaondoka hivyo hivyo, ikaingia hadi kwenye vitabu vya shule. Chini yake liliandikwa jina la bosi, mtu ambaye gundi hakuijua hata harufu yake! La msichana hata mmoja halikuandikwa.

Binti yake alipofikia kukisoma kitabu hicho darasani, alinyoosha mkono akasema kile kidoa cheusi ni dole la mama. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akasema ni kivuli, na waongo wakae chini. Mtoto alirudi nyumbani akilia, na tangu hapo hakutaka tena kusikia habari za Mwezi. "Mama, basi," alikuwa akisema. "Tusiaibishane." Neno hilo lilimkata Mama Mkasi maini kuliko matusi yote ya bosi.

Kwa hiyo aliposikia kwamba picha ile imekuzwa, imekuwa kubwa kama ukuta, na inaonyeshwa kwenye jumba la makumbusho, alimkokota binti yake, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake. Kitabuni kidoa kilikuwa kama punje ya mtama. Ukutani mistari ya dole ingeonekana wazi, na ubishi ungekwisha.

Walisimama mbele ya picha. Shimo kubwa lilikuwepo. Pembeni mwake palikuwa safi, hapana kitu.

"Mama," binti alisema taratibu, "twende zetu."

Mama Mkasi hakubanduka. Alimwita msimamizi wa maonyesho, aliyekuja na tai yake na tabasamu lake. "Mwanangu, hapa palikuwa na alama. Iko wapi?"

"Kumbe unaikumbuka, mama!" Msimamizi alifurahi. "Tumeifuta kwa kompyuta. Tulipoikuza ndipo tukagundua ni dole la mtu. Kuna mzembe mmoja wa maabara alituchafulia Mwezi miaka yote hiyo."

Mama Mkasi alifungua mdomo amjibu.

Aliyelipuka ni binti. "Mzembe nani?" Ukumbi mzima uligeuka. "Nakuuliza, mzembe nani?" Aliukamata mkono wa mama yake, akaunyanyua hadi mbele ya uso wa msimamizi. "Tazama hili dole! Unaona mstari hapo? Hata mmoja? Ile ndiyo alama pekee aliyokuwa nayo, nanyi mmeifuta. Irudisheni!"

Msimamizi alimsihi apunguze sauti.

"Sipunguzi," alisema. "Nimenyamaza tangu nikiwa darasani."