Ruhusa ya Magoti

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha plasta nilifukuzwa kabla ya saa nne asubuhi. Nilikuwa binti wa Kihaya, nimetoka Kagera na cheti kipya na sare iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, nikajiona nimefika. Msimamizi wa Chumba cha Plasta, mzee wa Kisukuma mwenye sauti ya upole na macho makali, alinipa bandeji ya plasta niiloweke. Nikaikamua kwa pupa kama mtu anayefua soksi, unga wote ukaishia kwenye ndoo.

"Dada Koku," akasema, "uji huo unampikia nani? Nenda nje ukapoe, ukirudi tuanze upya."

Nikaenda nje, nikalia kidogo, nikarudi. Hivyo ndivyo nilivyoianza kazi niliyoifanya mpaka kustaafu, hapa hapa Mwanza, ukiacha miaka michache niliyopangiwa kituo kidogo upande wa Usagara.

Ninyi vijana wa siku hizi mna vifaa vya goti vya kufunga na kufungua kama mkoba, na ni vizuri. Wakati wetu, aliyechanika ligamenti za goti, yaani zile kamba ngumu zinazoshikilia mfupa wa paja na wa chini yake isiachane, mara nyingi alifungwa plasta ya bomba, kutoka juu ya paja hadi karibu na kifundo cha mguu. Unavalisha soksi laini, unazungusha pamba, ndipo bandeji. Unailoweka kwenye maji ya uvuguvugu, unasubiri mapovu yaishe, unakamua taratibu. Na unalainisha kwa kiganja, kamwe si kwa ncha za vidole, maana alama ya kidole ikikaukia pale humchubua mgonjwa kwa ndani bila wewe kujua. Msimamizi akiona ncha ya kidole tu, anakuchapa mkononi. "Kiganja, dada! Kiganja!"

Alitufundisha pia kwamba mguu ulio ndani ya plasta usiachwe ulale. Alikuwa akigonga plasta na kusema "Hodi!" Mgonjwa lazima akaze msuli wa paja, ahesabu mpaka tano, ndipo ajibu "Karibu." Asubuhi wodi nzima ilikuwa hodi, karibu, hodi, karibu, mpaka Metroni akaja kuuliza kama tumefungua nyumba ya wageni.

Mwaka wangu wa pili aliletwa Kabula, bibi harusi wa miezi michache, aliyeteleza na ndoo ya maji kwenye mawe ya Pasiansi. Plasta yake niliifunga mwenyewe mwanzo mpaka mwisho. Msimamizi akaipapasa, akasema, "Imekaa." Basi nikavimba kichwa. Nikamsomea Kabula masharti yote: usilowanishe, usichokonoe kwa kijiti hata iwashe vipi, usikanyagie mpaka uambiwe, vidole vikiwa vya baridi au vikifa ganzi rudi mara moja. Akaitikia kila moja.

Siku ya tatu akarudishwa amebebwa. Plasta ilikuwa imepasuka gotini, na nilipoifungua, goti lilikuwa limevimba kuliko siku ya kwanza.

"Ulilowanisha?" nikamuuliza kwa ukali.

"Hapana, dada."

"Ulianguka?"

Akainamisha uso. "Mama mkwe alikuja kunitazama."

Jamani! Mama mkwe ametoka kijijini, ameingia sebuleni, na Kabula ameyaweka magongo pembeni ashuke kumwamkia, kama alivyofanya tangu aolewe. Yule mama alikuwa amesimama pale pale mlangoni kwetu, machozi yanamtoka. "Sikumwambia apige magoti," alisema. "Ila sikumwambia asipige."

Nilitegemea Msimamizi anigombeze. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

"Ulimwambia asilowanishe?"

"Ndiyo, Mzee."

"Asichokonoe?"

"Ndiyo."

"Na magoti?"

Nikalitazama lile goti lililovimba.

"Kwani kwenu hampigi magoti, Dada Koku?"

Tunapiga, tena sana. Tangu nilipojua kutembea nilimwamkia mama yangu kila asubuhi nikiwa chini, naye hujibu upesi, "Inuka, mwanangu." Nilikuwa nimezoea mno hata sikukumbuka kwamba ile nayo ni kazi ya goti. Kabula alitembea tena, lakini goti lake halikukunjika vizuri maisha yake yote. Nilikuwa nikimwona sokoni akiinama kwa kiuno, mguu mmoja umenyooka pembeni, na kila mara alinisalimia kwa furaha. Kosa lile lilikuwa langu, na sijawahi kulitua.

Kuanzia hapo, kabla plasta haijakauka, nilimuuliza kila mgonjwa wa goti: "Nyumbani unampigia nani magoti?" Akinitajia, naagiza mkubwa huyo aitwe. Akija, naweka kiganja chake juu ya plasta, naye anasema kwa mdomo wake mwenyewe: "Nimekupa ruhusa mpaka upone." Bila hivyo mgonjwa atakuitikia vizuri tu, halafu akifika nyumbani atashuka. Daktari Bingwa mmoja alinicheka. "Koku, hiyo iko kwenye kitabu gani?"

"Vitabu vyenu havina mama mkwe, Daktari."

Mwezi haukuisha, nikamsikia naye anauliza.

Nilistaafu nikaja kukaa Buhongwa, nikamleta mama yangu kutoka Kagera. Ni mzee sana, macho yake hayaoni tena, lakini masikio hayo, usiseme neno uani akiwa chumbani. Kila asubuhi nilishuka kumwamkia, mstaafu mwenye wajukuu, naye "Inuka, mwanangu." Nilipenda kuitwa hivyo kuliko ninavyoweza kueleza.

Halafu mwaka jana mbuzi wa jirani akaingia kwenye mchicha wangu. Nikamkimbiza, mwanamke mzima, nikateleza ngazini, na goti likaenda pembeni. Ligamenti ya upande wa ndani ilikuwa imechanika, na vile vifaa vya kisasa siku hiyo havikuwepo vya saizi yangu. Aliyenifunga plasta alikuwa Rehema, fundi niliyemfundisha mimi. Akalainisha kwa kiganja, vizuri kabisa. Kisha akaniuliza, huku anajizuia kucheka, "Shikamoo tena, Mama. Nyumbani unampigia nani magoti?"

Nikasema, "Hakuna."

Sijui kwa nini nilisema vile. Niliona aibu, labda, kwamba baada ya kuwapeleka watu wengi hivyo kwa wakubwa wao, na mimi niitiwe mama yangu kama mtoto wa shule. Na kiburi: masharti nayajua, nani wa kunifundisha?

Asubuhi iliyofuata niliingia chumbani kwa Mama na magongo yangu. Nikafungua mdomo niseme shikamoo, na kabla sijawaza, mwili ukaanza kushuka wenyewe. Maumivu yalinipiga mpaka kwenye meno. Nilidaka ukingo wa kitanda, gongo likaanguka sakafuni.

"Koku, nini hicho?"

"Gongo, Mama."

"Ulikuwa unashuka?"

Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Akauliza taratibu, "Wale wagonjwa wako ulikuwa ukiwaitia wakubwa wao. Mimi mbona hukuniita?"

Hapo nililia, wanangu, kilio cha kwikwi. Nilimwambia nilichoogopa kweli: kwamba goti litakauka kama la Kabula, na sitashuka tena mbele yake angali hai. Mama alinyoosha mkono, akaipapasa plasta yote kutoka juu mpaka chini, akaweka kiganja gotini. "Nimekupa ruhusa," akasema. "Mpaka upone. Na upone."

Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wangu. Alikuwa akigonga kwa mkongojo wake, "Hodi!", nami nakaza paja, nahesabu, "Karibu." Nikijidai nimekaza, aliweka mkono juu ya paja, palipoishia plasta, akanikamata. Plasta ilipotolewa, mguu ulikuwa mwembamba, umejaa magamba, na goti gumu kama ubao. Kila siku nilikunja kidogo, nikanyoosha, nikakunja tena, jasho likinitoka, huku Mama akipungua nguvu kitandani. Sikujua ni nani kati yetu atakayetangulia kufika.

Juzi, baada ya miezi mingi, mtaalamu wa mazoezi aliniruhusu kujaribu. Niliweka mto sakafuni, nikashika ukingo wa kitanda, nikashuka kidogo kidogo mpaka magoti yote mawili yakagusa.

"Shikamoo, Mama."

Mkono wake ulinitafuta hewani, pale ninapokuwa nikiwa nimesimama, haukunikuta. Ukashuka mpaka ukatua kichwani pangu, ukatulia.

"Marahaba," akasema.

Nikasubiri aseme lile neno lake, nishike kitanda niinuke. Hakulisema.

"Kaa hapo hapo kwanza, mwanangu."

Goti lilikuwa linauma kweli kweli. Nikakaa.