Majivu Anaijua Njia

Mimi ni Mwanasiti wa mtaa wa Buyenzi, muuza ndagala, dagaa wakavu wa ziwani. Miaka yote ya vita sikukimbia hata mara moja, wala sikuuza ndagala zenye mchanga. Watu wa avenyu ya kumi na tisa wanajua. Kitu kimoja tu kilinisumbua roho, nacho ni habari ya paka.

Mwaka wa 1995, mtaa wa Kamenge ulipobaki bila watu kwa ajili ya vita, nilikwenda kutafuta masufuria ya mdogo wangu Asiya, aliyekimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka. Masufuria hayakuwapo, hata mabati hayakuwapo. Katikati ya mafiga alilala mtoto wa paka, mwembamba kama uzi, rangi ya majivu yenyewe. Nikamtia ndani ya kitenge, nikamwita Majivu. Miaka miwili alilinda ndagala zangu nilipozianika. Kunguru walimwogopa, na yeye mwenyewe hakugusa hata moja mpaka nimpe. Nionyesheni mtu wa namna hiyo.

Kisha binti yangu Fadhila akahamia kwangu na mtoto wake Khaled, wa miezi mitano. Kila paka akipita, kifua cha mtoto kinapiga filimbi. Daktari akasema ni manyoya.

"Daktari anajua nini?" nikasema. "Mi nililala na paka tangu utoto, na kifua yangu iko nguvu."

"Mama, we unapenda paka kuliko mujukuu wako?"

"Mujukuu iko na mama yake. Majivu iko na nani?"

Nilibisha wiki mbili. Ijumaa moja, adhuhuri, midomo ya Khaled ikageuka bluu mikononi mwangu mimi, si mikononi mwa mama yake. Sikubisha tena.

Mwalimu Consolate wa Kibenga, ng'ambo ya mto Muha, mteja wangu wa siku nyingi, alikuwa akilalamika kwamba panya wanammalizia mahindi. Nikamwambia nitamletea askari.

Kwetu paka akihamishwa anatiwa ndani ya gunia, asione njia, asije akarudi. Fadhila alishika gunia, mimi nikamtia Majivu. Hakunikwaruza. Afadhali angenikwaruza.

Hatujatoka Buyenzi vizuri, tukakuta barieri ya wanajeshi.

"Mukecuru," kijana mmoja akaniita, yaani bibi kizee, "mu gunia iko nini?"

"Mutu wangu."

Kijana wa watu akaruka nyuma, bunduki mkononi. "Fungua!"

"Fungua mwenyewe, kama we ni mwanaume!"

Fadhila alianza kusoma dua. Kijana akafungua. Majivu akatoa kichwa, akamtazama kama anayemwomba kitambulisho. Wenzake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. "Pita, Mukecuru, na mutu wako!"

Gunia sikulifunga tena. Fadhila alinigombeza, nikamwacha aseme. Nilimbeba Majivu kifuani, kichwa nje, nikamwonyesha kila kitu: karakana ya matairi, ukuta wa bluu, daraja la Muha. "Angalia vizuri," nikamwambia. "Ukiona nimekukosea, rudi."

Nikamwacha kwa Consolate, na tangu siku hiyo niliweka kisahani cha ndagala kizingitini kila asubuhi. Majivu hakuja. Labda amekufa, nikawaza, labda amenikasirikia. Nilimtoa mafigani ili nije kumtupa? Consolate alikuja sokoni, nikampimia ndagala, sikumuuliza. Naye ananijua, akalipa, akaenda zake. Ikawa hivyo mwezi mzima.

Mwishowe nikafunga kitenge, nikaenda mwenyewe. Majivu alikuwa juu ya ukuta wa Consolate, amenenepa kama bwana harusi. Akashuka, akanusa mikono yangu, akanigonga kwa kichwa mguuni.

"Panya wamehama wote," Consolate akasema. "Umechelewa kuja, Bibi."

"Nilikuwa na kazi."

Nilipoondoka, Majivu alinifuata mpaka darajani. Nikasimama, naye akasimama. Angekuja ningempokea, na Khaled je?

"Haya," nikamwambia, "njia unaijua."

Akakaa, akajilamba mguu mmoja, bila haraka. Kisha akageuka, mkia juu, akarudi Kibenga.

Miaka ile ni watu wangapi walihamishwa bila kuulizwa? Majivu wangu alichagua mwenyewe. Nilipita barieri ile kichwa juu, hata sikusimama, na yule kijana akanisalimu yeye kwanza.

Nilipofika nyumbani nikaondoa kisahani kizingitini, nikampa Fadhila zile ndagala apike.