Mwaka Ndyamukama Alipokaanga Senene

Mtu akikuambia kwamba mwanamume wa miaka sitini na saba hawezi kuanguka kifudifudi kwenye nyasi, kofia ya kanisani mkononi, akacheka mpaka akakohoa, mwambie aje Kituntu aulizie habari za Mzee Ndyamukama. Mimi nilikuwepo. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na chini kulikuwa na umande.

Naitwa Immaculata, fundi cherehani, na banda langu linapakana na kibanja chao cha migomba. Wazazi wangu walitoka Burundi, na nyumbani kwetu senene alikuwa mdudu kama wadudu wengine. Hapa ni habari nyingine kabisa. Kwa desturi ya zamani, mke ndiye aliyeokota senene, akawanyonyoa miguu na mabawa, akawakaanga, akampelekea mumewe; na mume akiisha kula, humvisha mkewe nguo mpya. Benadeta, mke wa Ndyamukama, ameifuata desturi hiyo miaka arobaini na moja, tena akaiongezea chumvi: kila Krismasi hufunga vifurushi kumi na viwili vya senene kwa majani makavu ya mgomba, akawagawia majirani, Waluteri wenzake na sisi Wakatoliki. Changu hunitilia karanga, kwa kunihurumia, maana senene siwali.

Mwishoni mwa Novemba mwaka jana aliteleza kibanjani akiwa na mkungu wa ndizi kichwani. Mkungu ulipona, mkono wa kulia ukavunjika. Nilipoenda kumpa pole nilimkuta amekaa barazani, plasta imepanda mpaka juu ya kiwiko, na uso umenuna.

"Shikamoo mama. Pole sana. Unauma?"

"Marahaba. Huu mkono utapona tu. Ila vifurushi, Immaculata waitu! Mwaka huu havitatoka. Watu watasema Benadeta amekwisha."

"Watasema umevunjika mkono, mama."

"Mwaka huu mkono, mwakani mguu. Mtu ukishaanza kuhurumiwa siku ya Krismasi, kilichobaki ni matanga."

Alisema kwa utani, lakini macho yake hayakuwa na utani, na mimi roho iliniuma. Mzee Ndyamukama alikuwa mlangoni anapangusa buti. Akasema, "Nitawakaanga mimi."

Benadeta akamtazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyeomba kazi ya ukarani. "Wewe? Baba Mugisha, chai yenyewe unaiunguza!"

Senene wa kwanza walishuka wiki ya kwanza ya Desemba. Mzee akaokota ndoo nzima, akanyonyoa siku nzima mpaka vidole vikawa vya kijani. Kesho yake Benadeta akaenda hospitali kuangaliwa mkono, na mumewe, kwa haraka ya kutaka kumshangaza, akabandika sufuria kubwa, akamimina lita nzima ya mafuta ya alizeti. Hata mimi nisiyewala najua kwamba senene hawekewi mafuta. Ana yake mwenyewe, anajikaanga. Benadeta aliporudi alifunua sufuria, akainama, akachungulia.

"Hujawakaanga," akasema. "Umewabatiza."

Tukawamwagia kuku. Kuku nao wakala kidogo, wakaondoka.

Baada ya hapo jua likawaka mfululizo, na senene, ambao hushuka kwa mvua na ukungu, wakagoma. Kila asubuhi Mzee alisimama uani akitazama mawingu. Kijana mmoja wa bodaboda akapita na ndoo ya senene wa kuuza, tayari wamenyonyolewa, na Ndyamukama akaanza kupapasa mfuko. Sauti ikatoka ndani: "Vya kununua ni biashara, si zawadi!" Akautoa mkono mfukoni. Mzee Rweyemamu, rafiki yake tangu utotoni, naye hakukosa kupita kila jioni na fimbo yake. "Ndyamukama, habari za jikoni? Nasikia umeolewa!" Ndyamukama alikuwa akimjibu kwa kicheko, lakini tarehe ishirini ilipofika hakucheka tena. Benadeta alikuwa ameacha hata kuuliza hali ya hewa, na hilo ndilo lililomtisha.

Tarehe ishirini na mbili, alfajiri, ukungu ukiwa umefunika mlima, nikasikia kelele za kijiji kizima: "Senene! Senene!"

Nilitoka na taulo kichwani. Yezu wanje! Uwanja wote wa juu ya kanisa ulikuwa unatembea. Mabawa yao yalikuwa yameloa umande, hawakuweza kuruka vizuri, na watu walikuwa wameinama, wanaokota, wanagongana vichwa, wanaombana radhi na kuendelea kuokota. Ndyamukama alijaza ndoo, akajaza kofia, kisha akavua buti moja la mvua akalijaza nalo, akawa anarukaruka kwa mguu mmoja. Pembeni, juu ya kigoda, Benadeta alikuwa anaamrisha vita kwa mkono wa plasta.

"Nyuma yako, Baba Mugisha! Kushoto! Mama wee, huyo mwache, huyo ni panzi!"

Hapo ndipo Mzee alipoanguka kifudifudi, na Rweyemamu aliyekuja kumcheka akajikwaa kwenye miguu yake, akaangukia palepale. Senene mmoja akamwingia Rweyemamu kwenye kola. Mwanamume yule aliyeheshimika alicheza ngoma ambayo sijawahi kuiona hata harusini. Mmoja akatua puani kwangu. Nikapiga yowe, na hakuna aliyenionea huruma.

Mchana wa siku hiyo Benadeta alikuja bandani kwangu peke yake, na kitenge chini ya kwapa: rangi ya bluu, kimejaa miavuli mikubwa ya njano. Nilikifahamu kwa masimulizi. Ndicho alichovishwa kwa senene wake wa kwanza, mwaka themanini na nne, wakati madukani kulikuwa na rafu tu. Ndyamukama alipanda baiskeli na gunia la kahawa mpaka Murongo, mpakani, siku mbili njiani, akakipata kutoka Uganda kwa njia ambayo mpaka leo haisimulii mbele ya watoto. Benadeta alikivaa siku ya ubatizo wa Mugisha, akakikunja, akakifungia sandukuni.

"Nishonee shati. Vipimo vyake unavyo."

"Mama, hiki? Nikikikata ndiyo basi."

"Kata."

Nilikata. Mwavuli mmoja niliuweka sawasawa juu ya mfuko, maana nami nina majivuno yangu.

Kesho yake Mzee alikaanga. Benadeta alikaa mlangoni, hakugusa kitu. "Punguza moto. Geuza. Usiwakoroge kama uji! Chumvi. Nimesema chumvi, sijasema bahari." Senene wakatoa mafuta yao, wakageuka rangi ya dhahabu, na harufu ikaniita mimi Mrundi mpaka uani kwao. Mzee akatia wachache kwenye sahani, akampelekea mkewe, na kama wake wanavyofanya, akapiga magoti. Magoti yalilalamika kwa sauti.

Benadeta alitafuna. Tulingoja. Akatafuna wa pili.

"Chumvi imekaa," akasema.

Ndyamukama aliruka, nakuambia, aliruka! Akanishika mikono tukazunguka uani. Ikabaki kufunga. Tulifunga vifurushi kumi na viwili, Benadeta akishikilia kamba za mgomba kwa meno, na mkesha wa Krismasi vyote vikawa vimefika. Jioni hiyo akampa mumewe shati. "Aliyeleta senene huvishwa," akamwambia. Mzee alilikunjua, akaiona miavuli. Kisha akajifuta macho kwa mkono wa shati hilohilo.

Siku ya Krismasi sisi tulitoka misani mapema, Waluteri wakiwa bado wanahubiriwa, nikawangojea getini kwao. Ndyamukama akatokea na miavuli yake kifua mbele. Rweyemamu, mdomo umejaa senene, akamwonyesha kidole.

"Si kitenge cha mkeo hicho?"

"Ndicho. Wewe kaokote, nawe utavishwa."

Watu wakacheka, wakamzunguka Benadeta wakimshukuru kwa vifurushi, na hakuna hata mmoja aliyempa pole. Tulipokuwa tunarudi, mimi na yeye nyuma, nikamuuliza kwa nini alikubali kitenge kile kikatwe.

"Nilikiweka cha kuzikiwa," akasema. "Nilipovunjika mkono nilikitoa sandukuni, nikakipigia pasi kabisa." Akamtazama mumewe aliyekuwa mbele, anawaonyesha watoto jinsi Rweyemamu alivyocheza. "Sasa yeye ndiye anakivaa. Itabidi nimngoje mpaka akichakaze."