Mawe Manne ya Kushikilia Picha

Nilitumwa Hanang kuhakiki doa. Katika picha ya setilaiti iliyoletwa ofisini kwetu Mbulu, majani mabichi yalionekana mekundu, na ardhi tupu ikaonekana ya kijivu. Ndivyo picha hizo zinavyotiwa rangi. Katikati ya uwanda palikuwa na doa kubwa la kijivu. Ramani yetu ya zamani ilisema pale ni malisho. Basi mimi, bingwa wa kozi ya miezi mitatu ya kusoma picha hizo, nikaandika kwa penseli: "Malisho yamemalizwa na ng'ombe." Ningethibitisha hivyo, wafugaji wangehamishwa hata kwenye nyasi walizobakiwa nazo.

Saa moja asubuhi tuliondoka Mbulu. Dongobesh tulikunywa chai, nikamweleza dereva wangu, Tluway, kwamba chombo kile kinapita angani na kuona kila kitu.

"Hata chapati hizi zilivyoungua?" akauliza. Nilimwona mshamba.

Saa saba tulifika Gitting, kwenye baridi ya mlima. Hapo alitungoja mwenyeji wetu, Mzee Gidamis, mfugaji ambaye boma lake limesukumwa mpaka upande wa Balangdalalu. Mkononi alishika majani mabichi.

"Shikamoo mzee. Ya ndama hayo?"

"Marahaba. Hapana, ya baba yangu," akajibu, akapanda gari. Sikuuliza zaidi.

Saa tisa tulifika kwenye doa, nikapigwa na butwaa. Hapakuwa na ng'ombe, wala kwato, wala kinyesi. Palikuwa na matuta ya trekta mpaka macho yanapokoma, ngano imeshavunwa, upepo unazoa udongo, na korongo lililonizidi kimo. Doa langu lilikuwa shamba la ngano la serikali, lililovuka mpaka wa ramani yetu na kuwasukuma wafugaji. Nilisikia aibu.

Nikaitandaza picha chini nilinganishe. Upepo ukaipeperusha. Nikatembea kidogo, nikang'oa mawe manne yaliyochomoza udongoni, nikayaweka kwenye pembe zake.

Mzee alikuwa mbali, akienda na kurudi kwenye matuta. Aliporudi akayatazama mawe, asiitazame picha.

"Mwanangu, haya umetoa wapi?"

"Hapo tu, mzee."

"Hapo wapi? Huku uwandani hakuna mawe. Haya tulibeba sisi, kutoka mlimani, siku tulizika baba. Trekta imepita juu. Mimi natafuta kaburi, kila mwaka naona udongo tu."

Nilinyoosha kidole, kisha kikasita. Matuta yote yalifanana. Alama ya mwisho ya kaburi lile nilikuwa nimeing'oa mimi.

"Nyayo!" Tluway akapiga kelele. "Fuata nyayo zako kabla upepo haujazifuta!"

Tulibeba mawe na picha, tukakimbia tumeinama. Zilipokoma tulikuta vishimo vinne, viwili vimeanza kufukiwa. Mzee akayarudisha mawe moja moja, akaweka majani juu yake, akasema maneno kwa lugha yake. Kisha akaniambia:

"Sasa nionyeshe yeye kwenye picha."

"Hayumo, mzee. Nukta moja ya picha ni pana kuliko boma lako zima."

Akainama, akayaweka sawa majani yake.

Kesho yake jioni, Mbulu, nilifuta niliyoandika kwa penseli. Kuuliza si ujinga, na mimi sikuwa nimemwuliza mtu. Niliandika: "Shamba la ngano. Ng'ombe hawamo. Chini yake kuna kaburi."

Mkuu wangu akasoma, akavua miwani. "Kaburi umelionaje kwenye picha?"

"Sikuliona," nikamjibu. "Nilishika mawe yake."