Mguu wa Kwanza Jikoni

Mdogo wangu wa mwisho alipoposwa na kijana wa kijiji cha Kanga, alitoa sharti moja tu, na sharti hilo hakumpa mume, alinipa mimi. Siku ya kuingia ukweni tutacheza mchezo wa kupangwa, wasichana wetu wa kisiwani Chole wote kwenye mstari, yeye katikati na mimi ubavuni pake. Zamani bibi harusi aliinamisha kichwa mpaka shingo ikamuuma. Siku hizi anacheza, na asipocheza watu wanauliza kama kalazimishwa.

"Dada, nisipokuona pembeni nitaganda," aliniambia.

Mama yetu alifariki huyu mtoto hajaota meno ya ukubwani. Mimi ndiye niliyemwogesha, nikamsuka, nikamfundisha kufunga mwani. Ningemkatalia vipi? Na mwenyewe nilikuwa na hofu yangu. Kanga si ng'ambo, lakini kwetu sisi ni mashua hadi Utende, kisha gari kukata kisiwa kikubwa kizima. Nani atamjua huko kwamba akinyamaza ana njaa, na akicheka sana anaogopa? Nilitaka siku ile ya kwanza, kwenye nyuso zote ngeni, aone wangu.

Tatizo ni miguu yangu. Mikono haina neno, kwenye kamba za mwani sina mpinzani. Miguu ndiyo sijui ilikuwa wapi akili zilipogawiwa. Binamu yetu wa Dar es Salaam alitutumia video, wasichana wa mjini wanacheza wakiitazama simu. Wakiinua mkono huu, mimi ninayewatazama niinue upi? Wenzangu walisema, ule ule. Ule ule wa kwao au wa kwangu? Wakasema nisifikiri, nifuate tu. Nikafuata, nikamkanyaga mtoto wa jirani. Kila jioni wao walikwenda mbele, mimi nikabaki nimesimama uani nikijitazama vidole vya miguu.

Mdogo wangu akachoka. Akaizima simu, akanishika mabega.

"Dada, sahau kushoto, sahau na kulia. Jikoni ni wapi?"

Nikamwonyesha.

"Basi mguu wa kwanza jikoni. Wa pili kisimani. Kiuno kigeukie banda la kuku. Mikono ifungue mlango."

Alinipa kipande kimoja tu, akakataa kunipa kingine mpaka hicho kitoke chenyewe. Asubuhi maji yakitoka, nikiwa nimeinama kwenye kamba zangu, nilikariri kimoyomoyo: jikoni, kisimani, banda la kuku, mlangoni. Wallahi ukaingia. Mchezo ulionishinda kwa video ukaniingia kwa nyumba yetu, tena upesi, hadi wasichana walionicheka wakawa wananitazama mimi wanaposahau. Na kwa kunifundisha, naye akazoea hivyo hivyo. Nilimwona midomo ikimcheza: jikoni, kisimani. Nilijiona nimemaliza kazi.

Kanga walitupokea vizuri mno, nisiwasingizie. Turubai limefungwa, mikeka safi, spika kubwa, wanawake wamejaa na madera yao. Tukajipanga. Mdogo wangu akanishika kidole, kisha akakiachia. Muziki ukaanza.

Jikoni.

Jikoni ni wapi?

Nyuma yangu kulikuwa na moshi wa pilau, na mguu wangu, mjinga wa miguu, ukaufuata moshi. Mdogo wangu alikuwa amekwenda upande mwingine, tukagongana mabega. Wasichana waliojifunza kwa simu waliendelea bila taabu. Sisi wawili tulibaki katikati, mmoja anatazama pilau, mwenzake anatazama ukuta wa watu. Nikajaribu kisima. Nikageuza kiuno mahali ambapo hapakuwa na kuku wala banda. Wanawake wakaanza kucheka, kicheko cha wema, lakini kicheko ni kicheko. Mtoto aliganda, kama alivyoniambia. Akaninong'oneza, "Dada, tunakwenda wapi?" Alinitazama kama alivyonitazama siku zote, akisubiri jibu. Niliona aibu iliyonishuka mpaka kwenye nyayo.

Hapo akasimama dada wa bwana harusi, mwanamke mnene mwenye dera la kijani. Akaja mbele ya mdogo wangu, akampa mgongo.

"Wifi, usihangaike. Fuata mgongo wangu."

Akaenda taratibu, hatua ya kwao, si ile yetu ya video. Mdogo wangu akamtazama. Mara ya kwanza akakosea. Mara ya pili mguu ukaitika. Wimbo haujafika mwisho, yuko naye sambamba, mabega yanaitikiana, wasichana wetu wameacha mchezo wao wa mjini wamejiunga nyuma. Mimi nilisimama nikijiuliza amejifunza saa ngapi. Hakuuliza jiko. Hakunitazama.

Nilitakiwa kufurahi, na nilifurahi. Pia nilitaka muziki ukatike. Vyote viwili vilinijia pamoja, na mpaka leo sijui kipi kilitangulia. Si ndicho nilichokuwa nakihofia, kwamba hatapata mtu? Amempata, tena mbele ya macho yangu.

Wakaanza kumtunza. Huyu kanga begani, yule noti kwenye ushungi. Bibi mmoja aliyekaa karibu nami akapiga makofi, akasema kwa furaha ya kweli, "Mcheza kwao hutunzwa."

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Kwao ni Chole, bibi. Lakini mdogo wangu alikuwa amegeuka upande wangu, jasho linamtiririka, anacheka, na sikuweza kujua ni kicheko gani. Akaniashiria kwa mkono nisogee kidogo. Mama mkwe wake alikuwa nyuma yangu anataka kupita amtunze, na mimi nilikuwa nimemzibia njia.

Nikasogea.