Shefu Aliyesalimia Mlango

Mpaka leo sielewi vizuri kwa nini tulimkumbuka shefu wa kwanza, mkubwa wetu kazini. Alikuwa mtu wa makelele. Mkate ukiungua kidogo, mtaa mzima wa Katoyi ulisikia. Lakini kila asubuhi alianza kwa kuzunguka bulanjeri yetu akimpa kila mwokaji mkono, mmoja mmoja. Mwenye unga viganjani alitoa kifundo cha mkono, kama ilivyo desturi yetu, naye akakishika: "Watoto walilala muzuri?" Kisha ndipo alipoanza kutufokea, nasi tukakanda huku tukiimba.

Alipohamishwa akaja mwingine, mpole, mtu wa Butembo. Hakumtukana yeyote. Alituletea aproni mpya, akatuachia Jumapili tupumzike. Ila asubuhi alisimama mlangoni, akasema, "Bonjour wote," akaingia ofisini.

Polepole nyimbo zikakoma. Mama mmoja wa pale kazini, mwanzishaji wa nyimbo zetu, aliyenifundisha kukanda na ambaye bila yeye nisingejua pa kushika, akaniambia anaondoka.

"Nitaenda kuuza sambaza ku soko ya Kituku. Kule hata samaki wananiangalia ku macho."

"Lakini mama, huyu hatutukani."

"Utatukanaje mutu hauone? Huyu anasalimia mulango."

Sikujua nani ana haki. Niliingia ofisini, nikamweleza shefu taratibu: kwetu, asiyekupa mkono asubuhi ana neno nawe moyoni. Alishtuka.

"Wakati wa Ebola tulizika watu wengi kwetu," alisema. "Tangu pale, mukono unanishinda. Nilizania ninawachunga."

Nikatoka nimechanganyikiwa zaidi. Aliyetutukana alitufanya tuimbe. Aliyetuchunga alikuwa anatufukuza bila kujua.

Kesho yake hakubaki mlangoni. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya mama, mikono nyuma.

"Mama, watoto walilala muzuri?"

Mama akanyoosha kifundo chenye unga. Shefu akakitazama muda mrefu. Mwishowe akakunja mkono, akakigusa kwa kiwiko.

"Shefu, unanisalimia ao unanisukuma?"

Tulicheka wote. Yeye alichelewa kidogo, kisha akacheka pia, kiwiko cha koti lake kimejaa unga, akaenda kwa aliyefuata.

Mama hakwenda Kituku. Lakini kuimba hakuimba siku ile. Nilimsikiliza mpaka mikate ikatoka, nisijue kama bado ana hasira au anafikiria tu wimbo gani aanze nao.